Nini Kinasukuma Nini

Mkono wangu wa kulia ulikufa asubuhi ya Jumatano, nikiwa nimelala chini ya lori la ndizi. Nilikuwa nimeshika spana ya kumi na saba. Nikaona spana inaniangukia kifuani, nikashangaa nani ameiachia. Nilitaka kuita, mdomo ukakataa. Mafundi wenzangu wawili walidhani nimesinzia. Waliponivuta miguu kunitoa, nusu ya uso wangu ilikuwa imeshuka kama turubai lililokatika kamba.

Nilikaa hospitalini Kasese wiki tatu. Daktari aliyenifundisha tena kutembea, mwanamke mwenye sauti ya upole na mikono migumu, aliniambia kiharusi kimegusa upande wa kulia wa mwili na pia maneno. Mguu ungerudi. Mkono, alisema, tusubiri tuone.

"Lakini ulimi ni mvivu," akaniambia. "Usipoutuma, unakaa. Ongea kwa sauti kila siku, hata saa moja."

"Na nani?" nikamwuliza. Maneno hayo mawili yalinichukua muda mrefu kuyatoa.

Akacheka. Alidhani ninafanya utani.

Mke wangu alikuwa amefariki miaka minne kabla ya hapo. Binti zangu wawili, mmoja yuko Kampala na mwingine Uarabuni, walikuwa wakinipigia simu Jumapili, nami nikiwajibu kwamba niko sawa. Na hata mke wangu alipokuwa hai, sikuwa mtu wa maneno. Ufundi nilijifunza ujanani katika karakana ya jeshi, ambako afande alikupa neno moja tu. Shika. Fungua. Rudisha. Hakuna aliyeuliza kwa nini, na hakuna aliyeeleza. Mikono ilijifunza kwa kuangalia mikono. Baadaye nikafungua gereji yangu Bwera, kando ya barabara iendayo mpakani, na kwa miaka zaidi ya ishirini watu walinifuata kwa sababu mikono yangu haikukosea. Mke wangu alikuwa akiwaambia majirani kwamba akitaka kusikia sauti yangu, inabidi kwanza aharibikiwe na gari.

Niliporudi nyumbani, watu walikuja kuniona kwa wiki mbili. Walileta ndizi, walileta maziwa, waliomba dua, Wakristo wakaomba kwa njia yao. Halafu wakaacha, kama watu wanavyoacha, bila ubaya. Wenzangu wawili wakahamisha masanduku yao ya spana hadi gereji ya ng'ambo ya barabara. Sikuwalaumu. Gari haliwezi kusubiri mkono wa mtu upone.

Basi nikawa ninakaa barazani juu ya kiti kilichong'olewa kwenye gari kuukuu, mkono wa kulia juu ya paja, ninasikiliza barabara. Lori likipita, najua mkanda wake umelegea. Teksi ikipita, najua beringi ya gurudumu la nyuma kushoto haifiki mwezi. Miaka yote hiyo masikio yangu yalikuwa yakiiambia mikono. Sasa yalisikia yote, na hakukuwa na wa kumwambia.

Ili kumtii daktari, nilisoma mikebe ya mafuta kwa sauti. Nilianza rafu ya juu: jina, unene wa mafuta, onyo la kuweka mbali na watoto. Nikamaliza rafu ya kwanza, nikaenda ya pili. Mbuzi wa jirani alisimama mlangoni akinisikiliza. Siku ya tatu naye hakuja.

Hivyo ndivyo nilivyokuwa yule mama alipofika.

Nililisikia gari lake kabla sijaliona. Lilikuwa na mlio mwembamba, kama mbu aliyefungiwa ndani ya birika, na lilipokata kona kuingia kwangu mlio ukanenepa ukawa kilio. Ilikuwa pikapu ya zamani, nyeupe, nyuma imejaa magunia. Aliyeshuka alikuwa mwanamke wa umri wangu, labda pungufu kidogo, leso kichwani, gumbuti miguuni, anasugua bega lake.

"Wabukire, fundi," akanisalimu kwa Lhukonzo, lugha ya kwetu.

Alisema ni mkulima wa Nyakiyumbu. Hupeleka kahawa na matunda yake sokoni mwenyewe, kwa sababu dereva wake alivuka kwenda Kongo mwaka uliopita na hakurudi. Aliona hawezi kumngoja, akajifunza kuendesha katika kiwanja cha mpira cha shule, akizunguka magoli.

"Sasa volan iko nzito," akasema. Usukani, watu wetu wa mpakani huuita volan, na pampu huiita pompe, kama wanavyosema wenzetu wa Kongo. "Nikitembea mbio, iko afadhali. Nikienda polepole, nikikata kona, inakataa. Na iko inalia. Mafundi walisema pompe imekufa. Nikaweka pompe ingine. Bado iko inalia vile vile. Sasa wanasema niweke ingine tena."

Akalisugua tena bega.

"Wiki imepita, kwa ile kona ya kushuka darajani, nilibakisha kidogo tu kugonga mama moja na kuni yake. Aliniangalia. Ile macho yake bado naiona."

Nikauinua mkono wangu wa kulia kwa mkono wa kushoto, nikauachia. Ukaanguka.

"Fundi alikuwa huyu," nikasema. "Amekufa."

Aliutazama mkono, halafu akanitazama mimi.

"Mukono imekufa," akasema. "Na kichwa?"

Nikamwambia afungue boneti.

Nilisimama kando yake nikaanza kumweleza, na siku hiyo ndipo nilipojua kwamba sijui kueleza. Nilimwonyesha vitu kwa kidole cha kushoto na kuvitaja: hii pampu, huu mkanda, hiki kikopo cha mafuta, hii hosi ya kuvuta, hii hosi ya presha, kule chini reki ya usukani, ndani yake kuna valvu. Ulimi wangu ulikuwa bado mzito, na kila jina lilitoka kama jiwe. Nilipomaliza nilijiona nimesema mengi.

"Baba," akaniambia, "usinipatie majina ya vyuma. Hata nikijua majina ya watu wote wa Bwera, sitajua nani alipigana na nani. Niambie nini inasukuma nini."

Kwa zaidi ya miaka thelathini nilikuwa nimetengeneza usukani wa malori, wa mabasi, wa magari ya wakubwa, na swali hilo hakuna aliyewahi kuniuliza. Mikono ingejibu, lakini mikono haikuwepo.

Aibu ikageuka hasira. Nikampa spana nikaanza kumwamrisha kama nilivyoamrishwa mimi. "Shika hapa! Si hapo! Zungusha! Acha! Nimesema acha!"

Akaiweka spana juu ya betri, taratibu, kama mtu anayelaza mtoto.

"Miye siko askari yako," akasema.

Akafunga boneti, akapanda, akaondoka. Nilimwona akipambana na usukani kutoka getini kwangu, mwili wote ukiinama upande mmoja. Kilio cha pampu kikapungua hadi kikaisha, nami nikabaki na mikebe yangu.

Siku hiyo sikusoma chochote. Nilikaa nikijiuliza: nini kinasukuma nini? Nilikijua kitu hicho kama ninavyoijua njia ya kwenda msikitini, na bado nisingeweza kumwelekeza mgeni. Nilichora chini kwa kijiti, nikafuta. Nikachora tena. Michoro ilikuwa sawa na majina, ilikuwa inasema viko wapi, haikusema vinafanya nini.

Kesho yake nilikumbuka kwamba yeye mwenyewe alianza na bega lake. Alikuwa amelisugua kabla ya kusema neno lolote. Nikaona nimeanzia mahali pabaya. Nilianzia kwenye chuma, na yeye yuko kwenye mkono. Ningepaswa kuanza na kile mkono unachokisikia, halafu nishuke naye hatua kwa hatua mpaka kwenye gurudumu.

Nilitembea kwa fimbo hadi duka la dawa za mifugo, nikanunua mabomba mawili makubwa ya sindano, ya kuchanjia ng'ombe, na kipande cha mpira mwembamba wa dripu. Kuyaunganisha kulinichukua siku mbili. Nilishika bomba kwa magoti, nikavuta mpira kwa meno, nikafunga uzi kwa mkono wa kushoto. Maji yalivuja, nikafunga upya. Siku hizo mbili zilipita haraka kuliko wiki zote zilizotangulia.

Siku ya tatu nikaita bodaboda. Sikuwa nimetoka Bwera tangu hospitali. Dereva aliniuliza nitashika wapi, nikamkumbatia kiuno kwa mkono mmoja kama bibi harusi, tukapanda kwenda Nyakiyumbu. Nyumba ya yule mama ilijulikana. Kila tuliyemwuliza alituonyesha kwa kusema, "Yule mama wa gari inalia?"

Nilimkuta akigeuza kahawa juu ya turubai kwa reki ya mti. Alinitazama bila kushangaa, akanivutia benchi.

Nilikuwa nimeyafanyia maneno hayo mazoezi njia nzima. "Mama, juzi nilikufokea. Uliniuliza swali zuri, mimi sikuwa na jibu. Nimekuja kujaribu tena."

"Jaribu," akasema, akaketi.

Nikatoa mabomba yangu, yamejaa maji, nikampa moja. La pili nililishika mimi kwa mkono wa kushoto.

"Sukuma."

Akasukuma. Mti wa kusukumia wa bomba langu ukatoka nje, ukanisukuma kiganja. Akaacha, akacheka, akasukuma tena.

"Hakuna chuma kati yako na mimi," nikasema. "Ni maji tu. Umenisukuma kwa maji. Gari lako liko hivyo. Injini inazungusha mkanda, mkanda unazungusha pampu, pampu inasukuma mafuta. Huko chini, kati ya magurudumu ya mbele, kuna bomba kubwa kama hili limelala. Mafuta yakiingia upande mmoja, magurudumu yanasukumwa kushoto. Yakiingia upande wa pili, kulia. Mkono wako unaomba, mafuta ndiyo yanayobeba."

Akalitazama bomba mkononi mwake.

"Mafuta inajua aje miye nataka kushoto?"

Hapo ndipo nilipokuwa nimekwama siku zote mbili. Nikaenda polepole.

"Ukizungusha usukani, magurudumu hayatii mara moja. Ni mazito, yamekaa chini. Na kati ya mkono wako na magurudumu, ndani, kuna kichuma kimoja chembamba. Kwa sababu wewe unazungusha na magurudumu yanagoma, kile kichuma kinajipinda. Kidogo sana. Kule kujipinda ndiko kunafungua mlango wa mafuta. Ukipinda kushoto, unafunguka mlango wa kushoto."

Alitazama shamba lake, upande ambao mfereji wa maji ulishuka kutoka mlimani. Halafu akasimama.

"Ni kama mufereji!" akasema. "Nikiondoa udongo upande huu, maji inaenda kwa kahawa. Nikiondoa upande ule, inaenda kwa maharagwe."

"Na usipoondoa popote?"

"Maji inapita tu, inateremka zake."

"Ndivyo. Gari likienda limenyooka, mafuta yanapita tu, yanarudi kwenye kikopo chao, yanaanza tena. Hayamsukumi mtu."

Sikuwa nimefikiria mfereji. Ulikuwa mzuri kuliko vyote nilivyokuja navyo, na aliutoa yeye.

Nikachomoa mpira, nikavuta hewa kidogo ndani ya bomba lake, nikaurudisha. "Sasa sukuma."

Akasukuma. Bomba langu halikusogea. Akasukuma zaidi, likasogea kidogo, kwa uvivu, na alipoachia mti ukamrudia mkononi.

"Inakula nguvu yangu," akasema.

"Hewa inakubali kubanwa. Maji hayakubali, mafuta hayakubali."

"Basi gari yangu imekula hewa." Akanitazama. "Na ile kulia, ni pompe inatafuna hewa?"

"Ni hiyo."

"Inaingilia wapi?"

Sijui nieleze vipi nilichosikia wakati huo. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu mtu alikuwa ameifuata njia ya akili yangu na kufika kwenye kona kabla yangu. Nilitaka kumwambia mke wangu. Nilikuwa tayari nimeanza kutafuta namna ya kumsimulia jioni, ndipo nikakumbuka.

Tukafungua boneti. Alifungua kifuniko cha kikopo cha mafuta. Ndani kulikuwa na povu jeupe kama la maziwa yaliyokamuliwa sasa hivi. Chini ya gari hapakuwa na tone.

"Kama iko tundu, sababu ya nini mafuta haimwagiki?" akauliza.

"Umewahi kunywa soda kwa mrija uliopasuka?"

"Eh."

"Soda ilimwagika?"

"Hapana. Nilivuta hewa tu." Akapiga kofi pajani. "Basi iko pale pompe inavuta. Si pale inasukuma!"

Nikamwambia awashe injini, kisha achukue grisi nzito kwa kidole na kuipaka kwenye viungo vya hosi ya kuvuta, kimoja kimoja, akisubiri na kusikiliza, vidole vyake na leso yake viwe mbali na mkanda. Kiungo cha kwanza, pale kikoponi, hakuna kilichobadilika. Cha pili, kule kinakoingia kwenye pampu, alipaka juu, kilio kikabaki. Alipopitisha kidole kwa chini, mlio ukashuka. Ukawa mnung'uniko, ukanyamaza, halafu ukaanza kurudi kidogo kidogo grisi ilipofyonzwa.

Tulitazamana.

Alizima injini, akafungua klipu. Chini yake, upande usioonekana, mpira ulikuwa mkavu na umepasuka kama kisigino. Aliyeweka pampu mpya alikuwa ameirudisha hosi ileile ya zamani, na pampu mpya ikaendelea kuvuta hewa ileile.

Hosi ilikuwa ndefu ya kutosha, na juu ya ule ufa mpira ulikuwa bado laini. Alikata urefu wa vidole viwili kwa kisu cha jikoni, akaupachika upya, akaweka klipu mpya niliyokuja nayo mfukoni. Alipoanza kukaza, bega langu la kulia liliruka lenyewe kutaka kumnyang'anya bisibisi. Mkono haukufuata. Ikabidi nitafute maneno.

"Kaza mpaka mpira uanze kuchomoza pembeni mwa klipu. Sasa zidisha nusu mzunguko. Sasa acha. Ukizidi hapo utaukata."

Kipimo hicho nilikuwa nimekifanya maelfu ya mara. Sikuwa nimewahi kukisikia.

Tukainua magurudumu ya mbele kwa jeki, tukaweka magogo chini ya chasisi ili gari lisituangukie. Injini ikiwa imezimwa, aliketi akazungusha usukani mpaka mwisho wa kushoto, mpaka mwisho wa kulia, taratibu, tena na tena, mimi nikiangalia kikopo. Mapovu yalipanda, yakapasuka, mafuta yakashuka, nikaongeza. Nilimhesabia kwa sauti. Tulipofika ishirini na mbili mafuta yalikuwa yametulia, mekundu na safi. Tukashusha gari. Nikamwambia awashe.

Injini peke yake ndiyo iliyosikika.

Akageuza usukani kwa vidole viwili. Magurudumu yakageuka juu ya changarawe. Akageuza upande wa pili. Halafu akaweka mikono mapajani, anaangalia mbele kupitia kioo.

"Miezi inne," akasema, "nilizania ni uzee. Nilizania mikono yangu imeisha. Nilikuwa nalala nikifikiri, sasa nani atabeba kahawa?"

Nikageuka nikaangalia turubai. Tulikula bundu, ugali wetu wa muhogo, na maharagwe, kisha bodaboda akaja kunichukua.

Baada ya hapo alikuja Bwera mara kwa mara, siku za soko, akishamaliza kuuza. Siku moja ni breki, siku nyingine klachi, siku nyingine hakuna ubaya wowote, ana swali tu. Nilimweleza kila kitu kwa utaratibu ule. Kwanza tulizungumza alichokisikia mkononi au mguuni. Halafu nini kinasukuma nini, kwa maji, kwa kamba, kwa kifuniko cha sufuria. Jina la chuma nililiweka mwisho, akishalihitaji. Wakati mwingine alinisimamisha. "Hapo umeruka kitu, baba." Na kweli nilikuwa nimeruka, kwa sababu mimi nilikuwa nimeshafika. Nilijifunza kurudi nyuma kumfuata.

Aliniletea matunda ya pasheni. Ulimi wangu ulinyooka. Niliporudi Kasese kuonwa, daktari alinisikiliza akatikisa kichwa kwa furaha, akauliza nimekuwa nikiongea na nani. "Na mteja," nikasema. Sikutaka kusema zaidi.

Halafu siku moja ya soko pikapu nyeupe ilipita bila kuingia. Alipiga honi mara mbili na kunipungia. Niliisikiliza mpaka ilipopotea: injini nzuri, mkanda mzuri, usukani kimya. Wiki iliyofuata ikapita tena. Nikampigia simu, nikajifanya nauliza hali ya breki.

"Nilibadilisha mwenyewe, baba!" akaniambia kwa furaha. "Ile pedi za mbele. Vile ulisema, kwanza nasikiliza, kisha nafungua. Sasa hata jirani yangu ananiita niangalie yake."

Nilimsifu kwa moyo wote. Nilipoweka simu chini, baraza lilikuwa pana kuliko asubuhi. Ukimweleza mtu vizuri, hana sababu ya kurudi. Katika ufundi wa mikono, mteja anarudi daima, kwa sababu mikono anaiacha kwako. Huyu alikuwa ameondoka na kila kitu, na mimi ndiye niliyempa.

Nilirudia mikebe kwa siku kadhaa. Halafu simu ikaita, namba nisiyoijua. Alikuwa mwanamume aliyekuwa Kasenyi, kule samaki wanakotolewa ziwani, gari lake limejaa barafu na samaki na haligeuki. Yule mama wa Nyakiyumbu alikuwa amefika kununua samaki, akampa namba yangu. "Amesema wewe si fundi wa kutengeneza," akaniambia, "wewe ni fundi wa kueleza." Nikamwuliza mkono wake unasikia nini. Tulizungumza kama robo saa. Gari likageuka.

Tangu hapo wananipigia. Si wengi, watatu kwa wiki, wakati mwingine wanne. Sijawaona. Najua sauti zao na sauti za injini zao, maana huwaambia wasogeze simu karibu na boneti. Wakishapona wanasema asante sana, mzee, Mungu akubariki, na simu inakatika. Hapo kunakuwa na ukimya wa aina yake, mkubwa kuliko ule uliokuwepo kabla hawajapiga.

Alasiri moja ya mawingu, mwezi uliopita, alinipigia dereva aliyekuwa juu ya Nyakalengija. Alikuwa akiwashusha wapagazi waliotoka mlimani na mizigo ya wageni. Mkanda wa pampu ya usukani ulikuwa umekatika, barabara ina utelezi, na mbele yake kuna kona tatu. Alikuwa anapumua haraka.

"Usukani umekufa, mzee. Umefunga kabisa."

"Haujafunga," nikamwambia. "Kilichokufa ni msaada. Vyuma bado vimeshikana kutoka mkononi mwako hadi kwenye gurudumu, havitegemei mafuta. Mkanda wa pampu ya maji ya kupoza injini ni huo huo?"

"Hapana, ule mwingine uko mzima."

"Breki?"

"Ziko."

"Basi waambie watu wote washuke, watembee nyuma ya gari, mbali. Weka gia ya kwanza. Usigeuze usukani gari likiwa limesimama, hapo utapambana na uzito wote. Acha magurudumu yazunguke kwanza, hata kwa mwendo wa konokono, ndipo ugeuze. Na anza kugeuza kabla ya kona, usiingoje kona."

Aliweka simu kwenye kiti na sauti ikiwa juu. Nilisikia mlango, nikasikia watu wakishuka, injini ikanguruma chini. "Sasa geuza," nikasema, "taratibu, usiache." Nilisikia pumzi yake, na mguno kama wa mtu anayenyanyua gunia. Kona ya kwanza. Tairi zikateleza kidogo, zikashika. Kwenye kona ya pili hakuniuliza kitu, nikanyamaza ili asikilize gari. Ya tatu ilikuwa ndefu. Bega langu la kulia lilikuwa linajikaza kwa pamoja naye, na jasho likanitoka nikiwa nimeketi barazani Bwera.

"Nimefika," akasema. "Nimefika, mzee. Niko tambarare."

Breki ya mkono ikalia. Mlango ukafunguliwa. Alikuwa amesahau simu kwenye kiti. Niliwasikia wapagazi wakifika mmoja mmoja, wanacheka kwa woga uliokwisha, wanamtania kwa Lhukonzo kwamba sasa ana mikono ya mwanamieleka. Mtu alishusha masufuria. Mwingine aliuliza kama kuna chai. Mvua ilikuwa ikipiga mabati ya nyumba fulani karibu nao, kwa nguvu, na kwangu bado haijafika.

Ningeweza kukata. Niliiweka simu juu ya goti, sauti ikiwa juu, nikawasikiliza wakinywa chai yao mpaka betri yake, au yangu, ikaisha.